Maziwa ya Jioni

Jumatatu, 3 Machi
Mashine mpya ya pakiti hapa kiwandani imelala tena mchana kutwa. Maziwa ya asubuhi hayaitoshi. Bodi inataka mpango wa meneja mkuu, yaani mimi, la sivyo zamu ya pili ifutwe. Nimewapa: lori lichukue na maziwa ya jioni kule kwetu Olenguruone. Wamepiga makofi. Ofisi ilinuka moshi wa kibuyu cha maziwa. Nikafungua dirisha.

Jumatano, 5 Machi
Wakulima wamekubali. Ukumbi mzima wanaume pekee. Kwetu maziwa ya asubuhi ni ya mzee na soko. Ya jioni ni ya mama na watoto, na mwanamume haulizi yamekwenda wapi. Bodi haijui hilo. Siri ya mtungi iulize kata, na kata ni mimi. Nikatia sahihi.

Jumanne, 18 Machi
Lori la jioni limejaa pomoni. Mashine inanguruma. Mwenyekiti wa bodi kapiga simu: "Boss, hii plan imeweza!" Nimeshukuru kama kasuku.

Harufu ile ya moshi imenifuata hadi nyumbani, Section 58. Iko kwenye koti, iko garini. Kogo, bibi aliyenilea, alikuwa akisugua kibuyu kwa kijinga cha moto kabla ya kumimina maziwa yetu ya jioni. Alikufa nikiwa shuleni. Nimelifua koti. Bado. Naogopa, na mtu mzima mwenye kitambi hiki atamwambia nani?

Alhamisi, 20 Machi
Kikaoni nimesikia ufito ukisugua ndani ya kibuyu. Krr, krr. Nikauliza ni nani huyo. Wakatazamana. Wambui wa uhasibu akasema ni feni tu.

Feni ilikuwa imezimwa.

Jumamosi, 29 Machi
Nimepanda Olenguruone kumwona mama. Lori letu lilikuwa limetoka tu hapo langoni, na kaka yangu alikuwa anasuuza mkebe, mchangamfu kweli. Mama akaniletea chai. Strungi. Chai kavu, kwa mgeni, katika nyumba yenye ng'ombe! Sijawahi kuona aibu hiyo kwake. Wala yeye hakuona aibu. "Kunywa tu, baba. Maziwa iko kwako kiwandani."

Watoto wa kaka walikuwa na vikombe vya rangi hiyohiyo. Vibuyu vimetundikwa ukutani, vikavu. Nilikishusha kimoja nikakinusa. Hakikunuka kitu.

Nilikunywa chai yote. Nililia garini, baada ya kupita soko.

Jumapili, 30 Machi
Sikwenda kanisani. Nimemwandikia mwenyekiti kwamba lori la jioni linakoma kesho. Zamu ya pili itafungwa. Nitawaambia wale vijana wa zamu hiyo mwenyewe, uso kwa uso, na watanichukia kwa haki. Huenda nami nikawafuata nje ya lango.

Mvua imenyesha kidogo. Nimekaa jikoni tangu adhuhuri. Nyumba hainuki chochote, koti halinuki chochote.

Nimejikuta namngoja Kogo.