Wifi Aliyenitoa Ndani ya Fisi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako maana nina shukrani imenikwama kooni wiki ya tatu sasa na sijui niitoeje. Mimi ni fundi cherehani, kikundi cha filamu kilinichukua niwashonee fisi, ndiyo, fisi, kwa sababu filamu ni ya watalii wanaowindwa na fisi kwenye kisiwa kisicho na watu, na bajeti yenyewe ilitosha fisi wanne wa mablanketi kuukuu, watu wakiwa ndani, na mpishi akawa wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye hatujasalimiana miaka mitatu tangu aseme mbele ya wageni kwamba mapazia yangu yamepinda, na kweli yalipinda kidogo, lakini ndiyo useme mbele ya wageni?

Siku ya mwisho fisi mmoja akashikwa na tumbo la kuhara, wifi akawa anamkorogea maji ya chumvi na sukari chini ya turubai, mwongozaji akaniambia hapo hapo mbele yao, "Fundi, vaa wewe," nikavaa, na ili zipu isionekane kwenye kamera nilikuwa naishonea kabisa mgongoni mwa kila fisi, siku hiyo nikashonewa mimi, ukishaingia hutoki mpaka nyuzi zikatwe. Mara kwenye matete akatoka nguruwe mwitu wa kweli mwenye watoto, watu wote mbio kwenye boti, hata stelingi, mwigizaji mkuu, aliyekuwa anapigana na fisi tangu asubuhi, mimi nikakanyaga mkia wangu mwenyewe nikaanguka, sioni, sipumui, nikasikia sufuria inagongwa kwa mwiko na sauti ya wifi, "Toka! Toka hapa!" kisha kisu cha jikoni mgongoni na, "Tulia, nisije nikakukata." Nikatoka mzima. Yeye nguruwe alimrarua mguu, mpaka leo anachechemea, namwona dirishani akienda dukani, machozi yananitoka, ila sijamwambia ahsante, maana labda hakujua ni mimi, labda alidhani anaokoa mtu mwingine, nitajiaibisha bure.

Sasa kamera ilikuwa haijazimwa, na mwongozaji anasema hapo ndipo patamu kuliko pote, anataka nishone gauni kama la wifi alivae stelingi, apigwe picha za uso, ionekane yeye ndiye aliyeniokoa. Nikikataa, filamu ijayo atatafuta fundi mwingine. Nishone?

Fundi wa Fisi

Fundi, pole, na hongera kwa kuwa hai. Nimecheka ulipokanyaga mkia, kisha nikakasirika. Wiki tatu! Eti hakujua ni wewe? Nani alikuwa na yule mgonjwa wa tumbo? Alijua fika nani yumo ndani. Unajificha nyuma ya swali hilo kwa sababu ukishukuru itabidi uache kununa, na kununa umekuzoea.

Gauni usishone. Mwambie mwongozaji uso utakaoonekana ni wa mwenye mguu ulioraruliwa, kama mwenyewe ataridhia, na jina lake liandikwe. Akitafuta fundi mwingine, mwache atafute.

Hiyo ni ya kesho. Leo nenda kwake, kabla hujajipangia hotuba. Usimtume mume wako, wala usiache zawadi mlangoni ukakimbia. Sema, "Wifi, uliniokoa, ahsante." Akinyamaza, rudia. Muulize mguu unaendeleaje, na usikilize jibu lote hata likiwa refu.

Kisiwani kulikuwa na watu tele wanaokuchekea na kukusalimia kila asubuhi, Fundi. Wote walikuwa kwenye boti.