Kichujio Chekundu cha Fiachra

Cuan na Leice,
Konamara,
Ayalandi.

9 Novemba 2022

Mpendwa Shangazi Bairbre,

Pokea salamu zetu kutoka nyumbani, pamoja na mvua ambayo sina haja ya kukuelezea. Hali yako je? Goti bado linakusumbua kwenye ngazi za kanisa? Mwanao Lorcan alitupigia simu akasema ulilazwa kwa ajili ya kifua, na kwamba uliwagombeza manesi kuhusu chai yao mpaka wakaona heri uende nyumbani. Tulicheka, lakini Mama alikwenda kuwasha mshumaa. Tunaomba uwe umepona kabisa.

Huku hatujambo. Mama anatembea hadi gatini kila asubuhi na kumkaripia yeyote atakayemkuta. Mimi nimemaliza msimu wa kufundisha uzamiaji. Wageni wamerudi kwao na suti zao za kuzamia, nami nimebaki na zangu, ambazo kwa sasa haziruhusiwi kuingia ndani ya nyumba. Nitakueleza kwa nini.

Shangazi, najua Fiachra alikutumia ile filamu. Najua pia ulimwambia Mama kwamba ulilia ulipoona matumbawe ya ghuba yetu yana rangi ileile ya waridi uliyoiacha ulipokuwa msichana, na kwamba kwa hiyo huna tena kipingamizi kampuni ya vizimba vya kufugia samaki baharini ikipewa kiwanja cha Babu kando ya gati wajenge ghala la chakula cha samaki wao. Wengine wote wamekubali, imebaki sahihi yako. Basi kabla hujashika kalamu, nakuomba unisome mpaka mwisho.

Ile rangi haipo. Fiachra, ndugu yangu wa tumbo moja, ameipaka.

Filamu ilionyeshwa kwanza katika ukumbi wa parokia, mwezi wa tisa. Kampuni inataka kuongeza vizimba vya samoni, na watu walikuwa wameanza kulalamika juu ya harufu. Bwana Prendiville, meneja wao, alisimama mbele na sweta la kivuvi ambalo halijawahi kulowa hata tone, akasema mfanyakazi wao mmoja, kijana wa hapahapa, ameshuka chini akiwa na kamera ili tujionee wenyewe. Taa zikazimwa. Matumbawe yakatokea, waridi tupu, kama bustani. Wazee walipiga makofi. Mama alinishika mkono akanong'ona, "Mwone mdogo wako!"

Mimi nilitazama hadi pale mkono wa Fiachra ulipopita mbele ya kamera. Ulikuwa mwekundu kama umetoka kwenye sufuria ya maji ya moto. Nilirudi nyumbani moja kwa moja, nikafungua mkoba wangu wa kuzamia, na kichujio changu chekundu hakikuwemo.

Nikueleze kidogo kazi ya kitu hicho, maana bila hivyo hutaona ubaya wenyewe. Maji humeza rangi, na nyekundu ndiyo inayomezwa kwanza. Ukishuka sana, hata damu yako huonekana ya kijani kibichi iliyokolea. Ndiyo maana sisi tunaopiga picha huko chini huvisha kamera hizi ndogo kipande cha kioo chekundu, au cha zambarau kwa maji ya kijani, ili kurudisha kile ambacho maji yamekimeza. Ni kitu cha haki kabisa. Lakini ukikivaa kwenye maji ya kina kifupi, jua likiwa linawaka, mahali ambapo wekundu bado haujamezwa, hapo hakirudishi kitu. Kinapaka tu. Nami ndiye niliyemfundisha Fiachra hayo yote, mezani kwa Mama, kwa subira.

Nilimkuta nyumbani kwake akiosha gari. "Umechukua kichujio changu," nikamwambia.

"Nimekiazima, dada. Mbona umenuna hivyo? Si kazi yake kurudisha rangi?"

"Ulipiga ukiwa kina gani?"

Aliendelea kusugua kioo cha gari kilichokwisha kung'aa. "Kina cha kutosha."

Kesho yake nilishuka mwenyewe. Shangazi, samahani kama unasoma haya ukiwa mezani. Pale ulipokuwa ukiokota matumbawe ya kuchezea maji yakitoka, yale ambayo mwalimu alituambia ni mwani unaoota mgumu kama jiwe, sasa kuna kijivu kitupu. Yamekufa, yanavunjika mkononi kama mifupa ya kuku iliyochemshwa. Na kila ukisogea kuelekea vizimba, hata hicho kijivu hukioni, kimefunikwa na uji mweusi, mavi ya samaki na chakula chao kilichooza, mafuta yakiwa yameganda juu yake. Juu ya uji huo kumetandaa utando mweupe, mlegevu, kama ule unaokaa juu ya maziwa yaliyoharibika. Nilipogusa kwa kidole ulipasuka, na mapovu yakapanda usoni kwangu. Samoni mmoja alikuwa amelala pale, ubavu wote umeliwa na chawa wa baharini, na bado alikuwa akipumua.

Nilipotoka majini harufu ya mayai viza ilitoka nami. Mama alikuwa akimenya viazi. "Usiniletee hiyo jikoni, wewe!" akapiga kelele. "Vua hukohuko nje! Hata kama padri anapita, vua!" Nilivua uani kwenye mvua. Nimeifua suti hiyo mpaka nimechoka, na bado imetundikwa kwenye zizi, inanuka.

Lakini hicho sicho kilichonichafua roho zaidi. Nilirudi kwa Fiachra nikamuuliza kama amewahi kuangalia pale chini bila kamera, kwa macho yake.

"Nimeangalia," akasema.

"Ukaona nini?"

"Nimeona ulichokiona wewe." Kisha akasema taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto, "Muireann, Prendiville ameniahidi usimamizi wa vizimba vipya. Nina watoto wawili. Unataka niwapeleke wapi, Dublin? Rangi kidogo tu, nani atadhurika?"

Nilimtazama, Shangazi, nikaona kinyaa. Sikuona hasira wala huzuni, niliona kinyaa kama kile cha kugusa ule utando. Alikuwa amekaa juu ya uchafu ule wote na kuuvisha rangi ya utoto wetu. Tena alikuwa ameitumia kukuliza wewe, mgonjwa, ng'ambo ya bahari. Nilitoka bila kufunga mlango.

Mkutano wa pili ulikuwa wa watu wa wilaya, wanaotoa kibali. Siku moja kabla yake nilichukua sahani nyeupe ya Mama. "Hiyo ya Krismasi unaipeleka wapi?" akauliza. Nikamwambia naipeleka kuogelea. Niliilaza juu ya matumbawe mahali palepale alipopiga Fiachra, maana mwamba wa karibu naujua. Nikaifunga kamera isijirekebishe rangi yenyewe, nikapiga bila kichujio, kisha nikapiga na kichujio chekundu kama kile alichokichukua. Nilipiga picha hizo mbili tu.

Ukumbini nilisubiri wamalize kuonyesha bustani yao, kisha nikaomba nami nionyeshe. Kwanza ikatokea sahani nyeupe juu ya mawe ya kijivu. Halafu ikatokea sahani hiyohiyo, ya waridi, juu ya mawe ya waridi. Nikasema, "Sahani ya Mama ni nyeupe. Mnamjua Mama, hangeweka sahani ya waridi mezani." Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka.

Bwana Prendiville alitabasamu. Alisema kila mpiga picha wa majini hurekebisha rangi, hata dada huyu mwenyewe hufanya hivyo kwa wageni wake, na kwamba kamera ni kitu cha kitaalamu ambacho si kila mtu hukielewa. Na hapo alisema nusu ya ukweli. Niliona vichwa vimeanza kutikisika vikimkubalia, nikahisi uongo ule umeanza kuniteleza mikononi.

Ndipo Peigín wa dukani akainuka, pochi yake mkononi. Hakunigeukia mimi wala meneja. Alimgeukia Fiachra aliyekuwa amesimama nyuma na wenzake wa vizimbani. "Fiachra, mwanangu," akasema, "kile kioo hutumika kwenye kina kirefu, si ndiyo? Wewe ulikuwa kina gani?"

Prendiville akasema swali hilo si la leo. Peigín akamwambia, "Sijakuuliza wewe, bwana. Nimemuuliza mtoto wa Nóirín."

Fiachra alimtazama Mama, Nóirín mwenyewe. Mama hakumsaidia, alikuwa ametazama mikono yake mwenyewe.

"Kama mita mbili," Fiachra akasema. "Maji yalikuwa yamekupwa. Ningeweza kusimama, kichwa kikakaribia kutokea. Hakikuhitajika kichujio." Kisha akaongeza, kwa sauti ambayo sijamsikia nayo tangu Baba afariki, "Chini pamekufa. Pamekufa pote."

Akatoka nje. Wenzake wakampisha kama mtu mwenye ugonjwa.

Mambo yakawa hivi. Watu wa wilaya wamesimamisha kibali mpaka wazamiaji wao wenyewe washuke. Fiachra hakupata usimamizi, na wiki iliyofuata aliambiwa hana zamu tena. Kijiji kimegawanyika. Wapo wanaokuja kumpa Mama mkono, na wapo ambao waume zao wanafanya kazi vizimbani, hao huvuka barabara wakiniona. Sitawalaumu wote. Lakini kuna mmoja, simjui na sitaki kumjua, aliyekuja kutumwagia mlangoni ndoo nzima ya matumbo ya samoni. Tulifungua mlango asubuhi tukienda misa. Yalikuwa yameingia hadi chini ya zulia, yanateleza, na nzi, Novemba hii, sijui walitokea wapi. Mama alirudi ndani akakaa kitini amevaa koti lake na kofia.

Niliziba pua nikaanza kuzoa kwa koleo. Nilikuwa nikilia kwa kinyaa, nimechoka na bahari, na watu, na damu yangu mwenyewe. Nikasikia maji yakimwagika. Fiachra alikuwa amesimama getini na mpira wa kumwagilia, amevaa buti za kazini, zenye jina la kampuni. Tulikuwa hatujasemezana tangu ukumbini. Alianza kuosha kizingiti, akapiga magoti, akayatoa yale matumbo kwenye nyufa za mawe kwa vidole vyake.

Niliposimama kumtazama, akasema, "Usiniangalie. Lete ndoo nyingine."

Nikaleta. Tulimaliza. Kisha akaingia ndani akamwambia Mama, "Misa bado haijaisha, tukienda sasa tutawahi mahubiri," naye Mama akainuka. Tulikaa watatu kwenye benchi moja, tukinuka samaki. Watu wa mbele walisogea, sisi hatukusogea.

Sijamsamehe, Shangazi. Lakini jana usiku aliniomba nikuandikie, kwa sababu yeye amejaribu akashindwa, na akasema nisimfiche chochote. Sikumficha.

Kiwanja ni chako kama kilivyo chetu, na kalamu iko mkononi mwako. Sitakuamulia. Ila ukiamua kukataa, mwambie Fiachra mwenyewe kwa simu, umgombeze kama ulivyowagombeza manesi. Nadhani anaingojea sauti yako kuliko anavyoiogopa.

Msalimie sana Lorcan na mkewe, na binti yao Gráinne, umwambie nilipata kadi yake. Mama anasema ule vizuri na usipande ngazi bila kushika. Fiachra na watoto wake wanakusalimu. Mungu akulinde huko uliko, akupe kifua chepesi na majira ya baridi mapole, na atujalie tukuone tena kabla hatujazeeka sote.

Ni mimi, binti wa kaka yako, akupendaye siku zote,

Muireann