Sura ya Beda kwenye Bati

Chang'ombe, Dar es Salaam
14 Februari 1992

Baba mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, na Mama naye mpe shikamoo yangu. Mimi nipo, napumua. Zaidi ya hapo sina la kusema kuhusu afya.

Telegramu yenu ilinifikia mwanangu Beda ameshazikwa. Niliomba ruhusa hapa kiwandani, bwana mkubwa akasema atakayetoka lango hili asirudi, maana wanapunguza watu. Nikabaki, nikiweka vifuniko kwenye makopo huku mwanangu yuko udongoni.

Ndani ya bahasha ipo picha yake, ile aliyopigwa Krismasi na mpiga picha wa kupita, mkanitumia. Ndiyo hiyo moja tu. Nakuomba umchape kwenye kibao cha bati kwa skrini yako ya kuchapia, sura na jina, kikae kwenye msalaba siku ya kuusimika. Nilimwacha kwenu hajaanza hata kutembea. Akiwa na sura pale makaburini, nitakuwa na pa kumwona. Picha yenyewe unirudishie.

Binti yako,
Ekaristia

Mjimwema, Songea
9 Machi 1992

Mwanangu Ekaristia,

Milele amina. Marahaba, mama. Sisi hatujambo, ila kifua cha mama yako kinamsumbua na hii mvua, na bado anapika ugali wa watu watatu.

Picha imefika, nimeipokea kwa mikono miwili. Nafasi ya kuifanya kazi hii ninayo tele. Wenye mabasi na maduka sasa wanabandika stika za plastiki kutoka Dubai, kibao cha bati cha Mzee Osmund nani anakitaka? Bati nimeshalisugua kwa msasa na kulifuta kwa petroli, maana likibaki na mafuta ya kiwandani wino hubanduka.

Picha nitaifanyia kama ninavyofanyia maandishi. Karatasi naipaka mafuta ya alizeti mpaka mwanga upite, naibandika kwenye kitambaa cha skrini kilichopakwa dawa ya mwanga, naianika juani. Jua likishachoma, naosha, sura inabaki. Nasubiri tu mvua ipumzike.

Baba yako,
Osmund

Chang'ombe, Dar es Salaam
24 Machi 1992

Baba,

Shikamoo. Nisamehe nikifupisha salamu. USIIPAKE MAFUTA!

Nimemweleza Majaliwa, fundi wa filamu za kuchapia makopo hapa kiwandani, akashika kichwa. Anasema picha ya kamera si karatasi ya kawaida, ina ngozi juu. Ukiilowesha na kuibandika inaharibika. Irudishe kwangu, ataitengenezea filamu, nakala ya plastiki inayopitisha mwanga, nikutumie hiyo filamu uchapie.

Barua hii nampa kondakta wa basi la Songea, posta itakawia. Lakini wanasema barabara imekatika kwa mvua huko njia ya Madaba. Sijui niombe nini, Baba. Mvua ikikatika, utaanika picha. Isipokatika, barua haifiki. Basi naomba inyeshe, hata mahindi yaoze.

Ekaristia wako

Mjimwema, Songea
2 Mei 1992

Mwanangu,

Marahaba. Sisi tupo.

Barua yako ilikwama Njombe na kondakta mpaka barabara ikapona. Jua lilikuwa limeshatoka hapa, nami sikutaka kulipoteza. Nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni, nikakaa chini palepale.

Nilipoibandua picha, ngozi yake ilibaki kwenye skrini vipande vipande. Kuosha kwa maji, ikaenda yote. Mkononi nikabaki na karatasi nyeupe yenye mafuta. Mama yako aliniona nikiokota vipande kwenye majani. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Sikutaka msalaba ukae mtupu. Nikachukua brashi, nikamchora mwenyewe kwenye skrini kwa kumbukumbu zangu, jinsi alivyokuwa akicheka akiniona nakokota wino juu ya skrini. Nikachapa vibao viwili, nikavikausha kwenye tanuri la mkate. Kimoja nakutumia. Mama yako alikitazama kile kingine muda mrefu, akaingia jikoni. Msalaba hatutausimika mpaka wewe useme ni yeye.

Baba yako,
Osmund

Chang'ombe, Dar es Salaam
19 Juni 1992

Baba,

Shikamoo. Mpe Mama pole ya kifua chake. Kiwanda kimeuzwa, nasi wengi tumepunguzwa. Kumbe ningekuja tu kumlilia mwanangu kaburini.

Hasira nilikuwa nayo juu yako, imekwisha. Kibao nimekipokea. Wino umeshika, hata kwa ukucha hautoki. Nilikiegemeza ukutani, mwenye nyumba wangu akapita akasema, "Kumbe ulikuwa hivi ulipokuwa mdogo!" Nikamjibu ni mwanangu, marehemu. Akaniomba radhi. Alipoondoka nikachukua kioo. Ni mimi, Baba. Umechora macho yangu, paji langu, na mwanya wangu. Mkono wako umemchora mtoto uliyemlea kwanza.

Nilitaka kukuandikia kwamba siye, uchore upya. Nikashika kalamu nikuelekeze alivyokuwa, na sikuona kitu. Ile picha niliitazama kila siku nikidhani namjua mwanangu. Nilikuwa naijua picha. Sasa siwezi kusema ni yeye, wala siwezi kusema siye, na mimi ndiye niliyemzaa.

Simikeni msalaba, msinisubiri. Ila muulize Mama, na aseme kweli hata kama itaniuma: Beda alikuwa na mwanya?

Binti yako,
Ekaristia