Pumzi ya Mshona Magodoro

11 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shangazi, na kwamba mguu wake umeacha kumsumbua. Mimi sijambo, ila nimechanganyikiwa, na nitakueleza kwa nini.

Kwanza simu. Nikipiga, anapokea shangazi. Nikikuulizia, uko bafuni, umelala, umetoka kidogo. Haya, kama siku hizi unapenda barua, tuandikiane barua.

Uliniuliza hasa ninafanya nini huku chuoni. Baba, hata mimi nikiulizwa ghafla natafuta maneno. Mwaka huu wa masomo wametuunganisha idara tatu kwenye utafiti mmoja. Kuna madaktari wa mapafu. Kuna watu wa mazingira, wanaozunguka viwandani na kwenye karakana wakipima vumbi lililo hewani. Halafu kuna sisi wa sanaa za maonyesho. Kwenye kikao cha kwanza profesa wa mapafu alitutazama, akauliza, "Na hawa watafanya nini?" Mwalimu wetu akajibu, "Watajifunza kuhema." Watu wa vumbi wakacheka. Na mimi kicheko kilinijia, nikakumbuka niko upande gani.

Ndivyo ilivyo kweli. Kila mmoja wetu amepewa mgonjwa aliyekubali kwa hiari yake, ajifunze anavyovuta hewa mpaka aweze kuivuta vilevile mbele ya watu. Wangu ni mama mmoja mshona magodoro. Vumbi la pamba limemwingia kifuani miaka na miaka. Asubuhi naenda kwake, namtazama akishona, akiinama, akipanda ngazi, kisha narudi chumbani nahema peke yangu mbele ya kioo. Sijui kama huu ni usomi au ni wazimu.

Msalimie shangazi.

Binti yako


28 Februari

Mwanangu, mama yangu,

Marahaba. Huku tu wazima. Mguu wa shangazi yako umepoa, umebaki mdomo tu, na huo hauna dawa.

Barua yako nimeisoma, nikairudia. Nilichoelewa vizuri ni salamu.

Unajua umeniweka pabaya. Hapa nyumbani nilishatangaza kwamba unasomea udaktari. Si wewe uliyesema ukimaliza utaitwa daktari? Jirani wa chini ananivizia mlangoni kila jioni na goti lake, anauliza utakuja lini umtazame. Sasa nimwambieje? Kwamba binti yangu ni daktari wa kuhema? Kuhema mtoto anazaliwa anakujua.

Sikukejeli, mama. Nataka kuelewa. Madaktari nimewaelewa. Wa vumbi nimewaelewa. Wewe ukishamwigiza yule mama, anapona? Na yeye mwenyewe anaonaje, mtu mzima kufuatwafuatwa hivyo kwenye ngazi?

Kazini salama. Msimamizi ameleta mashine mpya ya kukandia unga wa mikate, inanguruma kama lori. Unga bado tunamimina wenyewe, gunia begani kama zamani. Tanuri ni lilelile.

Kula vizuri.

Baba yako


20 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mko salama. Mwambie jirani goti lake nampa pole, lakini mimi si wa magoti. Udaktari wangu ni wa vitabu, na wakati mwingine nadhani hata vitabu vyenyewe havinitambui.

Hapana, haponi. Hilo swali lako nimelala nalo. Nilimpelekea mwalimu, akanijibu kwa maneno marefu ambayo siwezi kuyaweka kwenye barua. Basi nikamuuliza mwenyewe, yule mama. Akaendelea kuvuta uzi, halafu akasema, "Daktari ameandika kifua changu kimebaki nusu. Hajaandika kwamba naziogopa ngazi."

Anakaa ghorofa ya tatu, Baba. Ngazi zinapogeuka anasimama, anashika chuma cha pembeni, anafungua mkoba na kuanza kutafuta funguo. Funguo anazo mkononi. Anayepita akimwona, anamsalimu, anajua mama anatafuta funguo tu. Hata wanawe hawajui. Nilipomuuliza kwa nini asiwaambie, alinitazama kama vile nimemvua nguo.

Kwa hiyo jukwaani nitafanya hilo tu: nitapanda ngazi. Wenzangu kila mmoja na wa kwake, pembeni watu wa vumbi wataonyesha vipimo vyao ukutani, na daktari atazungumza. Kama itakuwa na maana, sijui.

Ni tarehe 9 Mei jioni, ukumbi wa chuo. Njoo, nakuomba. Nauli nitatuma.

Binti yako


4 Aprili

Mwanangu, mama yangu,

Marahaba. Tu wazima. Mei sitaweza, msimamizi hatoi ruhusa na mashine mpya inasumbua. Nauli usitume. Fanya kazi yako vizuri, usinitazamie.

Baba yako


14 Mei

Nani alikwambia?

Nilikuja. Niliomba ruhusa, nikapanda basi, nikakaa nyuma kabisa, nikisema nitakushtua mwishoni. Nikakuona unatoka na mkoba, unapanda zile ngazi za mbao. Ukasimama. Ukashika chuma. Mabega yakapanda mpaka masikioni, mdomo wazi, na mkono wako unapekuapekua mkobani. Yule aliyekaa kando yangu akacheka.

Hapa kwetu ngazi nazipanda peke yangu. Natangulia au nabaki nyuma ili asinione mtu. Pale zinapogeuka nasimama, najifanya nafunga kamba ya kiatu. Wewe umebadilisha kiatu ukaweka mkoba, ukaniwekea na gauni, ukadhani sitajijua?

Ni shangazi yako. Yeye ndiye anayekuwa nyumbani. Nimemuuliza, ameapa, sijamwamini. Miaka yote nimebeba magunia nikusomeshe, leo kifua changu ndicho kimekuwa kichekesho mbele ya maprofesa.

Usinijibu upesi. Sina hamu ya kusoma.

Baba yako


19 Mei

Baba,

Shikamoo. Nisamehe, najibu upesi.

Yule si wewe. Ni mama mshona magodoro. Hata yeye alikuwepo, kakaa mstari wa mbele, na kicheko ulichokisikia nilikisikia pia. Kilimkera hata yeye. Shangazi hajaniambia neno. Muombe radhi.

Baba, sikujua. Barua yako niliisoma nimesimama koridoni, nikakaa chini pale pale, watu wakawa wananiruka. Tangu lini? Unakohoa? Ukilala unahitaji mito mingapi ili upumue? Unaona ninavyouliza, kama karatasi ya hospitali. Sijui kuuliza vingine.

Miezi minane namsikiliza mtu baki anavyovuta hewa. Naweza kukuambia amepanda ngazi au amebeba kitu kwa kumsikia tu nyuma ya mlango. Na wewe sijakusikia. Nimejaribu kukumbuka mara ya mwisho ulipozungumza nami kwa simu zaidi ya salamu. Sikumbuki.

Niambie ukweli. Uliacha simu kwa sababu hii?

Binti yako


6 Juni

Baba,

Shikamoo. Sijapata jibu. Shangazi anasema unakwenda kazini kama kawaida na huzungumzi. Nimeongea na profesa wa mapafu. Amesema unga wa ngano unaweza kufanya kama pamba. Amesema usingoje. Kuna nafasi kwake tarehe 3 Julai, akupime. Sitakuja kukuvuta mkono. Nitakuwa kituoni tu, nikilisubiri basi la mchana.

Binti yako


17 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Shangazi yako nimemuomba radhi. Amekubali, lakini ameongeza kodi: kila siku lazima nimsikilize.

Ndiyo, ni kwa sababu hiyo. Kwenye simu nikisema maneno matano natafuta hewa, ungenisikia. Barua haihemi. Naweza kupumzika katikati ya sentensi, usijue. Hapa nimepumzika.

Ni mwaka na nusu sasa. Nilidhani ni uzee. Halafu nikadhani ni baridi ya alfajiri. Halafu nikaacha kudhani. Kijana mwenzangu wa tanuri akininyang'anya gunia namfokea, kisha namshukuru kimoyomoyo.

Sijui naogopa nini hasa. Wakisema siumwi, nitaonekana mvivu. Wakisema naumwa, mimi ni nani bila bekari?

Nitakuwemo kwenye basi la mchana.

Baba yako


22 Agosti

Mwanangu, mama yangu,

Natumaini unaendelea vizuri na masomo yako hayo yasiyo na jina. Mimi tangu nirudi kutoka kwako naendelea, kwa mwendo wa pole. Dawa ya kuvuta kwa mdomo nimeizoea. Shangazi yako ananikumbusha asubuhi na jioni kwa sauti kubwa hata jirani wa chini naye angetamani apewe dawa.

Msimamizi amenihamishia dirisha la mauzo. Nimekaa nauza mkate niliozoea kuutoa kwenye moto, na mikono yangu haijui pa kukaa. Watu wananiita mzee. Daktari alisema kilichoharibika hakirudi, ila kinaweza kuishia hapo nikikaa mbali na unga. Nimelikubali hilo nusunusu. Nusu nyingine bado inaamka alfajiri.

Wale wa vumbi wamekuja, wametundika kisanduku chao cha kupimia juu ya mashine ya kukandia. Vijana sasa wanavaa barakoa, wengine wanazivaa kidevuni. Msimamizi akaniuliza, "Hii ni kazi yako, sivyo?" Nikamwambia sijui. Na kweli sijui kama ni yangu, au yako, au ya nani.

Sasa lile la profesa. Unakumbuka alivyonishika mkono koridoni, akaniuliza kama ningekubali pumzi yangu nayo ijifunzwe, kama ya yule mama. Wewe ulikuwa unatazama sakafu. Nikamwambia nitafikiri.

Nimefikiri. Mwambie nimekubali. Waje wanirekodi, wanitazame nikipanda ngazi, kiatu na yote. Nina sharti moja: usipewe wewe. Apewe mwenzako yule mrefu, au yeyote.

Usidhani bado nimekasirika. Ile jioni nilitoka ukumbini nikiamini nina hasira, na ndani ya basi niliikuza njia nzima isije ikaniisha. Lakini ilivyokuwa ni hivi. Uliposhika kile chuma ukakosa hewa, miguu yangu ilisimama yenyewe. Nilikuwa nakuja kukupigapiga mgongo upumue. Nilijua ni mchezo, tiketi ya onyesho ilikuwa mfukoni, na bado nilikuwa nakuja. Nikajikuta nimesimama katikati ya watu waliokaa, wananiambia nikae, na jukwaa liko mbali. Mlango ulikuwa karibu. Nikaenda mlangoni.

Mwenzako akikosa hewa kwa ajili yangu, nitakaa nimtazame mpaka amalize. Wewe siwezi.

Baba yako