Mlango kati ya Unga na Moto

Jumatatu, 3 Machi

Wamenuniana tena. Bi Hamira, mkandaji wangu wa unga – jina kapewa na wenzake, maana akichokozwa huumuka – na Mzee Makaa wa tanuri. Mzee kagonga trei kuita unga. Jibu likatoka chumba cha pili: "Baba, unga hauitwi kama mbuzi." Naye: "Na tanuri halingoji, dada, kama bwana harusi."

Tukatoa mikate bapa, ya kuezekea nyumba. Watu wa hoteli wanakuja kuonja Jumamosi, kabla ya kutoa oda. Wakikataa, mmoja wa hawa wawili itabidi aondoke, sina uwezo wa kuwaweka wote. Yupi? Huyu bila yule ni uji. Yule bila huyu ni majivu.

Jumanne, 4 Machi

Shemeji kaja na vitabu vyake vya uongozi. Kasema tukae duara. Watu wanne – duara likatoka mraba. Kila mtu aseme anavyojisikia. Mzee Makaa: anajisikia joto. Bi Hamira: anajisikia kurudi kazini. Shemeji kaandika yote mawili. Mimi nilishikwa na kikohozi.

Baadaye kaninong'oneza, "Shem, hawa wana uhasama wa chini kwa chini." Wa chini gani, na mtaa mzima unausikia?

Jumatano, 5 Machi

Nimeshinda juu ya gunia la unga, asubuhi chumba cha huyu, mchana cha yule, najifanya nashona mfuko uliotoboka. Kozi yangu ya uongozi ndiyo hii: kaa kimya mpaka watu wasahau kuwa upo.

Bi Hamira huligusa donge kwa kidole. Kishimo kikijaa polepole, tayari. Mzee hutupa konzi ya unga tanurini. Ukipata rangi taratibu, tayari. Ukiungua papo hapo, moto umezidi. Kila mmoja na saa yake, na zote mbili ni sahihi. Katikati mlango, umefungwa daima, upepo usipige unga. Huyu anagonga trei kwa kuwa haoni. Yule anafoka kwa kuwa haoni.

Nilikuwa natafuta chuki. Nimekuta mbao.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemwita seremala atoboe mlango na kuweka kioo. Sikumuuliza mtu. Bi Hamira: anakuwa samaki wa kutazamwa? Mzee Makaa: kioo kitapasuka kwa joto. Wamenipinga kwa sauti moja – mara ya kwanza tangu niwafahamu. Nikafurahi, nikamlipa seremala.

Shemeji anasema wahusika hushirikishwa kabla. Huenda. Vitabu navyo hubahatisha.

Ijumaa, 7 Machi

Trei haikugongwa. Mzee kachungulia, kainua nyusi. Bi Hamira kainamisha beseni aone, katikisa kichwa: bado. Mzee akavuta makaa pembeni, bila kuambiwa. Mikate imetoka na mashavu kama watoto wa tajiri.

"Angalau sasa nakuona ukisinzia, baba."

"Nami nakuona ukiongea na unga, dada. Unakujibu?"

Wamecheka. Nimejificha stoo nisiharibu.

Jumamosi, 8 Machi

Mtu wa hoteli kaonja. Katafuna. Kaomba kipande kingine! Anataka mikate mara mbili ya tulivyozungumza, kuanzia Jumatatu. Nikasema ndiyo kabla hajameza.

Mlango wa ofisi ulikuwa wazi. Wamesikia.

Toka mezani namwona Mzee tanurini na, kwa kioo changu nilichokilipia, Bi Hamira. Bi Hamira kamtazama Mzee, kainua mikono yake: miwili tu. Mzee kaonyesha tanuri, moja tu, mdomo wake mdogo. Wakatikisa vichwa pamoja. Wameelewana kabisa. Bi Hamira anafuta unga mikononi. Mzee kaegesha koleo ukutani.

Wanakuja. Bega kwa bega, kuelekea mlango wa ofisi, ambao hawajawahi kuupita pamoja.

Mtu wa hoteli anadhani naandika oda yake. Kauliza kama hao ndio mafundi. Ndio. Kasema wanaonekana wanapatana sana.

Wamefika kizingitini.

"Tangulia, baba."

"Hapana, dada. Anza wewe, mimi nitakazia."