Kitabu Nilichokishona Kinyume

Discovery Gardens,
Dubai.
Ijumaa, 14 Novemba 2025.

Mpendwa Shangazi Jecinta,

Bwana asifiwe. Hujambo wewe, na goti lako linaendeleaje na mvua hizi? Mimi ni mzima, ni uchovu tu. Leo sina kazi, na wenzangu wa chumbani wameenda kanisani (huku ibada ni Ijumaa), ndiyo maana nimepata meza ya kuandikia.

Nimeshika kalamu kwa sababu Daisy ndiye anayekufungulia simu, na haya sitaki mwanangu ayasikie. Nick anasafiri kesho kuja nyumbani, atakukabidhi barua hii mkononi.

Nilipata ujumbe wako. Umesema umekuta vitabu vya mapenzi chini ya godoro la Daisy, na kwamba Jumamosi ijayo, binamu zake wakija, utavichoma mbele yao wote. Kabla sijajibu, wacha nikueleze jambo la huku kazini.

Unajua ninamtunza nyanya wa Kichina, miaka tisini na mbili. Tunamwita Nainai, ndiyo nyanya kwao. Yeye hana Kiswahili, mimi sina Kichina, kwa hivyo tunaongea kwa mikono na kwa simu inayotafsiri.

Mwezi uliopita alitoa sandukuni kijitabu kilichofumuka, karatasi nyembamba zenye rangi ya chai. Ni zile hadithi za bei rahisi zilizouzwa barabarani Shanghai wakati wa vita, Wajapani wakiwa wameuteka mji na yeye akiwa mtoto. Mapenzi, wapelelezi, mabingwa wa upanga. Mchele ulikuwa wa kutafuta, lakini watu walipanga foleni kungoja sehemu mpya ya hadithi. Wazee waliziita takataka. Madam, mke wa mjukuu wake, anaziita hivyo mpaka leo.

Nainai aliniomba nikishone. Akaniandikia tarakimu zao, nikapanga kurasa moja moja, nikashona upande wa kushoto kama daftari. Nikampa kwa maringo. Kumbe vitabu vyao vya zamani huanzia pale vyetu vinapoishia! Akafungua kwa upande wake, akakutana na bibi harusi kabla ya kitu kingine chochote. Alicheka mpaka akakohoa, na simu ikatamka kama karani wa mahakama: “Umewafungisha ndoa kabla hawajafahamiana!”

Nikafumua uzi. Nikiwa nashona upya, akaniambia kilikuwa cha dada yake mkubwa. Vingine vyote baba yao alivitia motoni jikoni, dada akitazama. Nainai alikuwa amekificha hiki kimoja ndani ya koti. Nikamuuliza kama dada alilia.

“Hakulia,” simu ikasema. “Aliacha kutusimulia.”

“Kusimulia nini?”

“Kila kitu.”

Mwaka uliofuata dada aliondoka na watu wasiojulikana pale nyumbani. Hakuna aliyejua alikuwa akipanga safari. Hawakumwona tena.

Shangazi, vile vitabu havikuletwa na mvulana yeyote. Ni vyangu. Tazama ukurasa wa kwanza, pamekwanguliwa kwa wembe. Hapo palikuwa na jina langu. Vile vingine ulivichoma nikiwa kidato cha pili, ukachemshia chai, na mimi nikainywa. Sikulia. Ila tangu siku hiyo sikukuambia tena jambo la moyoni, na Daisy alipokuwa tumboni miezi mitano, wewe ndiye uliyejua mwisho. Uliniuliza, “Everlyn, mbona hukuniambia?” Jibu ndilo hili.

Sikulaumu. Mama alipofariki ulinichukua bila kuombwa, na sasa umenichukulia mtoto. Najua umeogopa. Umemwona Daisy na kitabu, ukaniona mimi. Lakini hapo umemfungua kwa nyuma, kama nilivyofanya na uzi wangu. Ana miaka kumi na mbili tu, ndio kwanza anaanza.

Basi usivichome. Hili siombi, nasema kama mama yake. Mrudishie wewe mwenyewe, si kupitia mtu. Ukiwa unachambua mboga, mwambie akusomee. Akifika mahali pa aibu ataruka, na wewe utajua ameruka. Muulize polepole. Kama kuna kilicho kikubwa kumzidi, kiweke kabatini na uniambie, nitaongea naye.

Nisalimie Mjomba Jairus, na Sammy umwambie viatu vyake vimo kwenye mzigo wa Nick. Daisy mbusu kwenye paji la uso, usimweleze kwa nini.

Mungu akuongezee nguvu na alilinde boma letu. Na siku Daisy atakapoanza kukusimulia, hata kama ni upuuzi mtupu, acha ugali uungue.

Ni mimi uliyenilea, na ninayekupenda,
Everlyn