Hakuna Kitabu, Baba

Nyasubi, Kahama
Jumapili mchana

Kwako Baba mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mgongo umekuachia kidogo. Na Mama, kifua chake kinaendeleaje tangu vumbi la kiangazi lianze? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo haijatulia, na sababu ni barua yako.

Umeniandikia kwamba mmemzika Mzee Masanja, mpiga ngoma wa mwisho wa mtemi wetu. Pole sana, Baba, najua alikuwa rafiki yako. Halafu ukasema siku mbili kabla hajafa alikuuliza, "Kile kitabu cha Kabula kimefika?" Ukamjibu kimefika, na picha zimo. Sasa unataka nikitume upesi usije ukaonekana mwongo mbele ya wazee.

Baba, hakuna kitabu. Hakijawahi kuwapo.

Unajua kazi yangu hapa ni kuandika orodha za vipuri dukani kwa Mzee Karim, yule Mhindi wa mashine za kusaga. Binti yake, Shirin, alirudi kutoka masomoni Kanada na kompyuta, na ndani yake mna mchezo. Ndiyo, mchezo. Unajenga mji wa kale, unalisha watu wako, unaweka askari, unapigana na miji mingine. Mna Roma, mna Babeli, mna miji ya Misri. Shirin na wenzake wa chuoni huufumua mchezo huo na kuingiza miji iliyosahauliwa, kisha wanatumiana diski kwa posta. Siku moja akaniuliza, "Kabula, nyie Wasukuma mlikuwa na mji, au ng'ombe tu?" Mimi na kiherehere changu nikamjibu tulikuwa na ikulu kubwa. Alipouliza ilikaaje, sikujua hata lango lilitazama wapi. Miaka yote uliposimulia nilikuwa nasinzia.

Ndipo nikakuandikia uongo. Niliona haya kusema ni mchezo, nikasema ni kitabu cha kusomwa shuleni, nikaomba mnieleze ikulu ilivyokaa. Nanyi mkaenda mahameni, ilipokuwa ikulu, wazee watatu, Mzee Masanja na miguu yake ile akihesabu hatua kutoka langoni hadi nyumba ya ngoma. Ukanichorea yote: ua wa minyaa, zizi katikati, shikome wanapoota moto wanaume, lango la magharibi.

Tulijenga kama mlivyosema. Mchezo ulijua nyumba za pembe nne tu, kwa hiyo misonge ilituchukua mwezi mzima, nukta kwa nukta. Zizi lilikataa kukaa katikati ya mji, tukalilazimisha. Siku ng'ombe walipotokea nilipiga vigelegele hadi Mzee Karim akaja kuuliza nani kaolewa. Nilijivuna, Baba, siwezi kukuficha.

Kisha Shirin akasema mji lazima ujaribiwe. Akachukua jeshi la Warumi, akavunja ua, akachoma misonge, ng'ombe wakatoweka. Nyumba ya ngoma ilianguka mwisho. Hazikufika dakika kumi. "Mtemi wenu kakimbia!" akasema, akacheka. Nami nikacheka. Hatua za Mzee Masanja, alizozihesabu akisimama kila mara kupumua, mimi nilizicheka zikiungua. Tangu barua yako ifike najiona sina maana kabisa.

Diski zimekwisha kwenda Kanada. Sijui ni nani anayeichoma ikulu yetu leo.

Jumamosi nitapanda basi hadi Shinyanga, kisha Mhunze. Tafadhali usinisemee. Waite wazee, niwaambie kwa mdomo wangu kwamba uongo ni wangu na wewe nilikuponza tu. Wakitaka mji ufutwe, Shirin atawaandikia wenzake waufute, ingawa hana hakika watamsikia. Wakitaka ubaki, waseme. Jibu la Mzee Masanja ndilo sitalipata.

Na usichinje kitu. Hata kuku. Sitaweza kumeza.

Msalimie Mama, mdogo wangu Ng'wandu na mkewe, na shangazi muuza viazi. Mjane wa Mzee Masanja usimpe salamu zangu bado. Umeandika kwamba kila anayekuja kumpa pole anamwambia asilie, mumewe yumo kitabuni. Nitapita kwake kwanza, kabla sijafika nyumbani.

Ni mimi binti yako,
Kabula